Wauza magari ya umeme Dar, kifuniko cha tundu la kuchajia SI UREMBO. Mnatuharibia magari halafu mnatunyima dhamana

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina gari la umeme nililonunua kwenye yadi moja hapa mjini, tundu lake la kuchajia ni la aina inayoitwa CCS2. Siku ya kukabidhiwa nikaona kile kifuniko cha ndani kinachoziba pini mbili kubwa za chini hakipo, kimebaki kipande cha kamba yake ya mpira kinaning'inia. Nikauliza. Jamaa wa mauzo akanijibu huku anachezea simu: "Bosi, hicho urembo tu, mlango wa nje unatosha." Nikagoma kusaini mpaka waandike kwenye karatasi ya makabidhiano kwamba nawadai kifuniko. Wakaandika. Tangu hapo ni "wiki ijayo bosi", "mzigo uko bandarini bosi", mpaka masika yakatukuta.

Sasa nyumbani linachaji bila shida, maana umeme wa nyumbani unapita kwenye pini za juu. Nikienda kwenye chaja ya kasi, linaanza vizuri, halafu linashusha nguvu lenyewe, mwisho linakata kabisa. Nimewapelekea. Fundi wao kamulika tochi mle ndani: pini za chini nyeusi tii, chumvi imeganda pembeni. Jibu la ofisi? Maji yameingia, dhamana haihusiki, nilipie tundu jipya pamoja na nyaya zake. Yaani walichokiita urembo leo ndicho sababu ya kunikatalia haki yangu!

Naomba wanaouza haya magari wasome hapa, kwa sababu inaonekana wanauza wasichokijua. CCS2 ina sehemu mbili: juu pini za umeme wa kawaida, chini pini za DC, yaani umeme mnyoofu kama wa betri, unaotoka kwenye chaja ya kasi. Ndiyo maana magari mengi yanakuja na kifuniko cha chini kinachojitegemea. Ukichomeka nyumbani usiku kucha, mlango wa nje uko wazi na pini za DC ziko wazi. Mvua ikipiga, kinachozilinda ni hicho kimpira mnachokidharau.

Na hatuzungumzii kupigwa shoti. Gari haliruhusu umeme kupita mpaka liwasiliane na chaja na kuhakikisha plagi imekaa sawasawa. Tatizo ni uchafu na kutu. Pini ikishika kutu haigusani vizuri na plagi, pale panapogusana panapata joto, na mkondo ukiongezeka mara 2 joto linaongezeka mara 4. Chaja ya kasi inasukuma zaidi ya ampea 100. Sensa ya joto kwenye tundu inaona hali hiyo, gari linapunguza chaji ili lisiungue. Ndicho kinachonipata mimi.

Halafu hii ni Dar jamani! Unyevu mwaka mzima, upepo wa chumvi kuanzia Kunduchi mpaka Kigamboni, vumbi la barabara za mitaani, na vijana wa kuosha magari wanaopiga mashine ya presha kila upenyo wanaouona. Nyigu nao wakikuta kitundu hawachelewi kujenga kwa udongo. Chini ya tundu huwa kuna njia ya kutolea maji; ikizibwa na tope, maji yanakaa humo humo yanakula pini taratibu. Gari linaloishi hapa linahitaji hicho kifuniko kuliko gari la sehemu kavu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ni kakipande kadogo ka mpira na plastiki. Gharama yake hata haikaribii ya tundu zima, achilia mbali kazi ya kufumua nyaya za umeme mkubwa ambayo si kila gereji inaiweza. Wangekiagiza mapema tusingefika huku.

Kwa yeyote anayekwenda kuchukua gari wiki hii: fungua mlango wa nje, vuta kila kifuniko cha ndani, angalia kama mpira wake umepasuka, mulika pini. Wakikwambia ni urembo, usilipe salio.

Mimi kesho narudi yadi na karatasi yangu. Wakinizungusha tena napeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka kesi ya dhamana ya gari kule anielekeze alianzia wapi na alitakiwa kwenda na nyaraka gani.