Kuwawashia kuku taa usiku ili watage: ufugaji au mateso?

GobaKwetu: Wakuu habari za jioni, naomba tujadili hili bila matusi. Jirani yangu ana kuku wa mayai kama mia tatu, kila siku saa kumi alfajiri taa inawaka bandani mpaka panakucha, nikamuuliza akasema kuku anataka mwanga masaa 14 mpaka 16 ndo atage vizuri na huku kwetu jua linampa kama 12 tu mwaka mzima. Mimi naona ni kumnyima kiumbe usingizi kwa ajili ya trei. Nyie mnasemaje?

ChumviNyingi: Mateso matupu. Kuku analazimishwa kutaga mara mbili kwa siku, lazima afe mapema.

MamaTrei: Mara mbili wapi we kaka? Yai moja tu linachukua masaa 24 mpaka 26 kutengenezeka tumboni, hata umfungie taa za uwanja wa mpira hakupi mawili. Mwanga kazi yake ni kuuambia ubongo wa kuku kwamba huu ni msimu wa kuzaa, na haupiti machoni tu, unapenya mpaka kwenye fuvu, kuku kipofu naye anauhisi. Halafu hizo chipsi mayai unazopiga kila usiku unadhani zinaokotwa?

ChumviNyingi: Chipsi mayai nimeacha toka mwaka jana usinisingizie. Nyie ndo mnatulisha mayai kiini cheupe kama uji wa mgonjwa. Ila siwashangai, biashara yenyewe imejaa wastaafu, mtu kashika kiinua mgongo leo kesho kajenga banda, tetea na jogoo hawezi kuwatofautisha, mwaka haujaisha banda limekuwa stoo ya matofali.

MwlMstaafu: Kijana nilikuwa napita kimya kimya lakini hapo umenigusa. Mimi ni huyo mstaafu wa kiinua mgongo na banda langu halina tofali hata moja. Ni kweli mwanzo nilipigwa. Haraka ya hela nikawawashia taa wakiwa na wiki 14, miili bado midogo, wakaanza kutaga vijiyai kama vya njiwa, wengine kizazi kikatoka nje, wenzao wakiona ile nyekundu wanaidonoa mpaka utumbo. Nilizika kuku kumi na tisa kwa jembe langu mwenyewe. Sasa hivi nasubiri wafike wiki ya 18 na uzito uwe umetimia ndo naongeza nusu saa kila wiki, taratibu. Kwa hiyo usituambie hatujui kitu.

ChumviNyingi: Shikamoo mwalimu. Sikukulenga wewe.

MwlMstaafu: Marahaba. Hukunilenga lakini umenipata.

MamaTrei: 😂😂 Na hicho kiini cheupe hakihusiani na taa. Ni mahindi yetu meupe. Watupie majani mabichi, mchicha, au uchanganye mahindi ya njano uone kama hakijawa cha dhahabu. Watu mnaona rangi mnasema kienyeji.

PapaSasso: Hapo siungi mkono, kienyeji ana ladha yake bwana, anakula wadudu, anatembea

MamaTrei: Nikukaangie yote mawili ufumbwe macho, ukipatia nakupa trei bure.

WaKiambu: Nyinyi mnabishana rangi, shida ni stima. Huku kwetu ilipotea wiki moja na kitu, sina sola sina nini, nikaingia kwa nyumba ya kuku nikapata manyoya yamejaa chini kama mtu amepasua mto. Mwanga ukishuka ghafla kuku anadhani msimu umeisha, anaangusha manyoya na mayai anasimamisha. Kama huna hakika ya stima afadhali usianze kabisa. Sai niko na sola na taima.

GobaKwetu: Jamani swali langu lilikuwa usingizi wa kuku.

MwlMstaafu: Kuku anatakiwa alale, hilo hatubishani. Ulaya sheria yao ya mwaka 1999 inataka giza theluthi moja ya siku, kama masaa 8 mfululizo. Huyo jirani akiwasha saa kumi alfajiri na giza likaingia saa kumi na mbili na nusu jioni, ni masaa 14 na nusu, kuku wake wanalala kuliko mimi. Mateso ni yule anayekesha na taa usiku kucha akidhani layazi wa mayai ni broila wa nyama. Na amefanya vizuri kuwasha alfajiri, ukiwasha jioni halafu uzime pwaa, wanabaki chini gizani, fito za kulalia hawazioni, wanarundikana kwenye kona.

MamaTrei: Goba naomba nikuulize kitu. Dirisha la chumba chako linatazama wapi?

GobaKwetu: Linatazama bandani. Lakini hiyo sio hoja.

MamaTrei: NILIJUA 😂😂😂

WaKiambu: Kumbe kuku ni wewe

MwlMstaafu: Mwambie aivalishe taa kofia imulike chini. Haitakiwi kali, ukiweza kusoma gazeti pale kwenye chombo cha chakula imetosha, ikizidi hapo wanadonoana bure.

GobaKwetu: Nitamwambia mwalimu. Na majogoo je?

ChumviNyingi: Mwalimu samahani, trei unauza bei gani? Zile za kiini cha njano.

PapaSasso: Si ulisema umeacha?

ChumviNyingi: Nimeacha chipsi.