Kazi imekwisha, mbona kompyuta haisemi?

Wakuu, nisaidieni. Jana usiku nilikuwa nabana video ya saa mbili kwenye Linux. Niliandika amri, nikaweka & mwishoni ili kazi iende nyuma, kisha nikakodolea macho dirisha lilelile. Kimya. Baada ya dakika 40 nikabonyeza Enter kwa hasira tu, ndipo likatokea neno "Done". Kumbe ilikwisha zamani! Hii ni kawaida?

Jibu: Kawaida kabisa. Bash, programu inayopokea amri zako kwenye dirisha hilo, husubiri hadi iwe tayari kupokea amri nyingine ndipo itoe taarifa, isije ikachafua unachoandika. Andika set -b, itakuambia papo hapo. Mimi napendelea hivi: ( amri ; notify-send "Tayari" ) & na kijisanduku kinatokea kwenye skrini hata ukiwa unasoma habari. Ila ukitumia ; utaambiwa "Tayari" hata kazi ikifeli. Weka && badala yake kama unataka ukweli: utaambiwa tu kazi ikifaulu.

Jibu: Shukuru kimya hicho. Kwenye Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, programu ikianzisha huduma ya mbele (kazi inayoendelea huku mtumiaji akiona taarifa yake) ina sekunde 5 tu za kuonyesha taarifa hiyo. Kufikia toleo la 13 ndipo tukaruhusiwa kuisukuma taarifa hiyo pembeni kwa kidole, na huduma ikaendelea.

Muulizaji: Nimejaribu set -b, ikanikatiza katikati ya amri ndefu. Nimeizima. Nabaki na notify-send, na &&.