Naomba ushauri: nakimbia bila shida, lakini kuchuchumaa na kugeuka kunanishinda

Mwanzisha uzi
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Nimekimbia kwa miaka kadhaa na pumzi ninayo, lakini nikichuchumaa visigino vinanyanyuka, na nikitaka kutazama nyuma inanibidi nigeuze mwili mzima. Nanyoosha misuli ya nyuma ya mapaja kila siku, wala sioni mabadiliko. Maumivu sina. Nianzie wapi?

Kocha Mstaafu
Mkuu, anayekimbia tu huenda mbele tu, ilhali nyonga imeumbwa iende mbele, nyuma, pembeni na kuzunguka. Hata hivyo, visigino kunyanyuka mara nyingi ni shauri la kifundo cha mguu, kwa hiyo hayo mapaja unayaonea bure. Jipime: piga goti moja mbele ya ukuta, weka kidole gumba cha mguu wa mbele takriban sentimita 10 kutoka ukutani, kisha sogeza goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Pima miguu yote miwili.

Nyonga Nyepesi
Naongezea kwamba kiungo kufika mahali kwa kuvutwa si sawa na misuli yako kukifikisha hapo. Vuta goti kifuani kwa mikono, kisha liachie: likishuka sana, kinachopungua ni nguvu. Simama kwa mguu mmoja, inua goti, lipeleke pembeni, kisha lizungushe nyuma polepole bila kupinda kiuno. Kuhusu kugeuka, fanyia kazi mgongo wa juu, kwa kuwa pingili za kiunoni huzunguka kidogo sana: lala ubavu, kunja magoti, yabane pamoja, halafu fungua mkono wa juu hadi upande wa pili huku ukiufuata kwa macho.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni. Goti la kulia limegusa, la kushoto halifiki, na nahisi kubanwa mbele ya kifundo, ambacho kiliwahi kuteguka. Niendelee?

Kocha Mstaafu
Ungehisi kigimbi kinavutika, ningekwambia endelea. Kubanwa kwa mbele huenda kunatoka kwenye kiungo chenyewe, hivyo usilazimishe. Muone mtaalamu wa fiziotherapia, hasa kwa kuwa kiliwahi kuteguka. Kikivimba, kikipata joto au kikikwama, usichelewe kumuona daktari.

Mpenda Mazoezi
Tusisahau kuwa mifupa ya nyonga hutofautiana kati ya mtu na mtu. Jaribu kupanua miguu na kugeuza vidole nje kidogo unapochuchumaa. Wengine hushuka vizuri zaidi hivyo.