Naombeni ushauri: mtoto wa miaka 13, nimpangie maisha gani asije akaangukia kwenye sigara na bangi?

BintiUnyanyembe:
Habari zenu wakuu. Nina mtoto mmoja wa kiume, yuko kidato cha kwanza hapa Tabora mjini, shule ya kutwa. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo malezi ni mimi. Nauza nafaka sokoni, natoka alfajiri na kurudi saa 1 usiku, siku nyingine saa 2. Yeye anatoka shule saa 9 alasiri. Hayo masaa ya katikati ndiyo yananiumiza kichwa.

Mtaani kwetu Isevya naona watoto wadogo kabisa wanavuta, wengine wanabandika vitu kwenye mdomo. Nimesikia mtoto akizoeshwa mazoea mazuri mapema, yaani mazoezi, kulala kwa wakati, kula vizuri na kuwa na shughuli, hashawishiki kirahisi. Ni kweli? Nimpangie ratiba gani? Nawaza nimtafutie timu ya mpira, au nimpeleke kwa babu yake kijijini kwenye utulivu. Nisaidieni, usingizi siupati.

MzeeWaMiembe:
Binti yangu, kijijini ndiyo jibu. Sisi tuliamka saa 11 alfajiri, kuchota maji, kufungulia ng'ombe, ndipo shule. Jioni mtu umechoka, unakula michembe unalala. Bangi ungeivuta saa ngapi? Watoto wa sasa wanalelewa na simu, mzazi yuko sokoni, halafu tunashangaa. Mpeleke kwa babu, na umfundishe kumcha Mungu.

KijiweChaNne:
Mpe jembe tu, ratiba itajipanga yenyewe 😂

MvuviKibirizi:
Dada pole. Mimi niko Kigoma. Nikiwa na miaka 14 nilikuwa naenda mwaloni Kibirizi baada ya shule kusaidia kuanika dagaa. Waliokuwa wanatutuma walitulipa hela kidogo na viroba juu yake, zile pombe kali za pakiti, wakisema ni dawa ya baridi ya ziwani. Serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017 mimi nilishazoea, nikahamia kwenye gongo. Shule niliacha. Leo nimetulia, nina mtumbwi na familia, lakini miaka ile hairudi.

Ninachotaka kusema, hakuna mhuni aliyenishawishi. Walionipa ni watu wazima niliowaheshimu, wengine ndugu kabisa. Kila nikisikia "makundi mabaya" najiuliza kwa nini hatuanzi nyumbani.

TichaZamu:
Mleta mada, nafundisha sekondari, ngoja nijibu swali lako lenyewe. Ndiyo, mazoea yanasaidia, na lipo taifa lililojaribu hilo nchi nzima. Aisilandi mwaka 1998, asilimia 42 ya watoto wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Na hawakufika hapo kwa kuwatisha watoto. Waliongeza michezo na muziki baada ya shule, familia zikachangiwa gharama zake, wazazi wakakubaliana muda wa watoto kuwa ndani usiku, na wakahimizwa kukaa na watoto wao siku za kawaida, si sikukuu peke yake.

Sisi huku tunamleta mgeni asimame mstarini, aonyeshe picha za mapafu meusi, tunapiga makofi, tunarudi darasani. Mwongozo wa kimataifa wa kinga dhidi ya dawa za kulevya uliotolewa na Umoja wa Mataifa unasema wazi kwamba kutisha na kutoa taarifa peke yake hakubadilishi tabia. Mtoto anahitaji kocha anayejua jina lake, usingizi wa kutosha, chakula cha jioni akiwa na mtu anayemuuliza siku yake ilikwendaje.

Ila nikuulize dada. Kwa nini sasa? Umeona nini?

BintiUnyanyembe:
Ahsante sana mwalimu. Sijaona kitu, ni tahadhari tu. Anapenda mpira, jioni huwa anaenda kuangalia watu wakifanya mazoezi pale karibu na uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Hilo la kula pamoja nitajitahidi, ila mimi nikirudi yeye huwa ameshakula na kulala. Siku hizi analala mapema sana. Na amekuwa mkali, ukimuuliza jambo anakujibu mkato.

NesiMstaafu:
Mwanangu, nimefanya kazi wodini miaka mingi. Mama anayefanya tahadhari tu hakosi usingizi. Umekuta nini, na umekikuta wapi?

KijiweChaNne:
Nesi kashika usukani, tukae kimya.

BintiUnyanyembe:
Sawa. Jumamosi nilikuwa nafua suruali yake ya shule. Mfukoni nimetoa vipakiti vitupu vya kuberi, ile tumbaku ya kubandika mdomoni, vimekunjwa vidogo vidogo kama mtu aliyetaka kuvificha. Nikanusa na shati lake la shule, kola yote harufu ile. Sijamuuliza mpaka leo. Naogopa nikimuuliza atakimbia.

Ndiyo maana nimesema kijijini. Nimeshaongea na babu yake Kaliua. Shule zikifunga mwezi wa 12 anaondoka na treni, Januari anaanza kidato cha pili kulekule. Nauli nimeshaitenga. Nadhani ni uamuzi mzuri, nilitaka tu kusikia na wengine.

NesiMstaafu:
Umefanya vizuri kusema. Leo akiwa ametulia, mwombe afungue mdomo, uivute midomo taratibu, wa chini na wa juu, uangalie upande wa ndani penye fizi. Anayeweka kuberi mahali pamoja kila siku, ngozi ya hapo hubadilika, inakuwa nyeupe na mikunjomikunjo. Ukiiona, hiyo si ya kuonja mara moja.

Na ujue kuberi ni tumbaku, ina nikotini, na ubongo wa binadamu unaendelea kukua mpaka kwenye miaka 25 hivi. Wa miaka 13 unanaswa haraka kuliko wangu mimi. Huo ukali unaousema unaweza kuwa ndiyo hiyo: anapoikosa anakuwa na hasira, hatulii, kichwa kinamuuma.

Swali langu la pili: anazipata wapi? Mtoto wa shule hana hela ya kila siku.

MamaWawili:
Mimi wa kwangu nilimkuta na sigara, nilimchapa mpaka majirani wakaja. Hakurudia. Watoto wa Kiafrika wanaelewa fimbo.

TichaZamu:
MamaWawili, hakurudia mbele yako. Mimi ninao darasani waliochapwa, wanakuja na limau mfukoni la kukata harufu.

BintiUnyanyembe:
Naomba msinihukumu. Nyumbani tunaishi na mdogo wangu wa kiume, ana bodaboda. Yeye anatumia kuberi siku zote, na ndiye anayemtuma mtoto dukani akamnunulie. Nilimuuliza kwa utani kama huwa anampa, akacheka, akasema "mwanaume lazima ajue vitu." Lakini ni mdogo wangu huyohuyo aliyelipa kodi ya nyumba mwaka huu wote. Alinunua daftari na sare. Mtoto anampenda kuliko ananipenda mimi. Siwezi kumwambia aondoke. Nikimgusa yeye, mimi na mwanangu tunalala wapi?

Kwa hiyo mkisema mtoto asiende Kaliua, niambieni abaki na nani.

MzeeWaMiembe:
Mjomba wa namna hiyo ni wa kufukuzwa leo hii.

WakiliMtaani:
Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 17, inakataza kumuuzia mtoto sigara, pombe au kilevi chochote. Mwenye duka anayemuuzia wa miaka 13 amevunja sheria, hata kama ametumwa na mjomba. Anzia kwa mtendaji wa mtaa, au piga 116 bure, ni namba ya huduma kwa mtoto.

BintiUnyanyembe:
Mwenye duka ni jirani, ananikopesha sukari. Mnaongea kana kwamba mimi naishi peke yangu duniani.

MvuviKibirizi:
Dada, kabla ya nauli nina swali moja. Babu wa Kaliua analima nini?

BintiUnyanyembe:
Tumbaku, kama watu wote kule. Lakini yeye mwenyewe havuti wala hatumii chochote. Ni mzee wa kanisa.

UkweliMtupu:
Hapana, hapa nasimama. Posti ya kwanza mama na mwana. Ya pili hajaona kitu. Ya tatu vipakiti. Ya nne mjomba. Sasa babu, na babu ni mkulima wa tumbaku! Hadithi imekaa vizuri mno. Wakuu, huyu ni mtu wa mradi anakusanya maoni aandike ripoti alipwe posho. Mnamwandikia kazi bure.

KijiweChaNne:
Mkuu kweli. Mimi nilishaanza kuhisi hapo kwenye nesi 😂

NesiMstaafu:
Mimi naandika kwa miwani iliyofungwa na uzi, usinitie kwenye posho zenu.

MamaWawili:
Hata kama katunga, ushauri utamsaidia mwingine. Mwacheni.

UkweliMtupu:
Hapana, watu wanasoma wanalia, halafu ni uongo. Athibitishe.

MtotoWaChemchem:
Mimi natoka familia ya wakulima wa tumbaku, ngoja nimuulize kitu ambacho mtu wa ofisini hakijui. Dada, huko kwa babu sasa hivi wamefikia wapi?

BintiUnyanyembe:
Miche iko kitaluni, wanasubiri mvua ishike ndiyo wahamishie shambani. Babu anakandika bani jipya la kukaushia majani kwa moto, lile la zamani liliungua msimu uliopita, moto ulipanda kwenye majani usiku, aliyekuwa analinda alisinzia. Alikuwa mjukuu wake mwingine. Deni la pembejeo kwenye chama cha msingi bado anadaiwa. UkweliMtupu, sina cha kukuthibitishia zaidi. Amini unavyotaka.

MtotoWaChemchem:
Bani, kitalu na deni la chama. Huyu ni wa kwetu.

Na dada, hapo ulipoandika "mjukuu wake mwingine" umenijibia swali. Mimi nililala mabanini tangu darasa la tano. Moto unachochewa usiku na mchana karibu wiki nzima kwa kila mkupuo wa majani, na anayewekwa kukesha ni kijana. Huyo wako anayehitaji kulala mapema ndiye atakayekesha. Na kwa kukata usingizi, kilichopo karibu kuliko vyote ni tumbaku.

NesiMstaafu:
Nyongeza. Kuchuma majani mabichi asubuhi yakiwa na umande au mvua, nikotini inapita kwenye ngozi. Mtoto atatapika, kizunguzungu, atatokwa jasho, watasema malaria. Unamtoa kwenye kuberi ya mdomoni unamwingiza kwenye tumbaku ya mwili mzima.

UkweliMtupu:
Nabaki na mashaka yangu, ila hilo la jani bichi ni kweli, lilimkuta kaka yangu Urambo.

BintiUnyanyembe:
Babu hawezi kumfanyisha kazi ngumu. Ameniahidi.

TichaZamu:
Anaahidi mwezi wa 11. Kuchuma kukianza na deni lipo, ataangalia nani ana mikono.

Acha mambo makubwa, chukua madogo. Tatizo lako ni saa 9 mpaka saa 1. Pale anapoenda kuangalia mazoezi, mtafute mwalimu wao, mwambie una kijana. Siku zisizo na mazoezi aje sokoni kwako, apime mahindi, aandike daftari la madeni, mrudi pamoja, mle pamoja. Hapo ratiba imepatikana na mjomba hajafukuzwa.

NesiMstaafu:
Na mjomba usimwambie aache, hataacha kwa maneno yako. Mwambie mambo matatu tu: asimtume mtoto, asitumie mbele yake, vipakiti visilale ndani ya nyumba. Anampenda mtoto, mshike hapo. Mtoto akiacha, wiki ya kwanza ndiyo mbaya, atakuwa mkorofi na usingizi utamsumbua. Usichape. Mpe maji, matunda, atembee, acheze. Wiki kama nne inapungua sana.

BintiUnyanyembe:
Nimerudi wakuu. Nimemwangalia mdomo. Upande wa ndani mweupe kama alivyosema nesi. Alilia, hakukimbia.

Mdogo wangu nimemwambia yale matatu. Amejibu yeye ameanza tangu darasa la saba na hajafa. Kuhusu kumtuma amesema "basi sitamtuma." Hayo mengine hakujibu, akawasha pikipiki akaondoka. Babu nimemwambia mtoto atakuja likizo tu, shule zikifungua anarudi. Lakini kama mjomba hatabadilika, Februari nampeleka, siwezi kukaa nikiangalia.

MtotoWaChemchem:
Februari ndiyo wanachuma, dada.

NesiMstaafu:
Hiyo Februari tutaijadili ikifika. Jumatatu asubuhi mpeleke Kitete, hospitali ya mkoa, waambie ni kinywa, uombe aonwe na daktari wa meno, halafu uulize ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo. Nenda na vile vipakiti. Usimdanganye mtoto kwamba mnaenda kupima malaria, na usimtangulize mjomba kwenye maongezi. Ukitoka huko rudi hapa utuambie walichosema.