Mafizio na OT, mnafanyaje ili utafiti ufike mpaka kwa mgonjwa?

fizio_westnile:
Habari zenu wandugu. Mimi ni fizio hospitali moja upande wa Arua, tuko wawili tu, mimi na dada mmoja wa OT (tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye kazi zake za kila siku), na wagonjwa ni wengi kweli, kiharusi, ajali za boda, watoto wa mtindio wa ubongo. Mwaka jana tulipelekwa semina Kampala siku 3 tukafundishwa kutafuta tafiti na kuzisoma, tukarudi na hamu kabisa, lakini mwezi haujaisha najikuta nafanya yaleyale. Kila asubuhi nanyoosha mikono ya watu wa kiharusi dakika 20 kila mmoja, mwenzangu anafunga banzi. Halafu nimesoma mapitio ya Cochrane ya 2017, wale wanaokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, yanasema kunyoosha vile hakufungui viungo vilivyokakamaa kwa kiasi cha maana. Nikamwambia inchaji, akanijibu tumefanya hivi tangu chuoni. Inaniuma maana hizo dakika 20 ningezitumia kwa kitu kinachosaidia. Nyie mmetokaje hapo?

mama_banzi_Mbale:
Pole mdogo wangu. Semina inaongeza maarifa, kubadilisha mazoea ni kazi nyingine kabisa. Sisi tuliacha kusoma ovyo, sasa ni Jumatano nusu saa baada ya chai, mgonjwa mmoja, swali moja. Wa kwanza alikuwa mama wa kiharusi, anataka kusonga posho (ugali) mwenyewe, hakuna kingine alichotuomba. Nikaingia PEDro, hazina ya mtandaoni ya tafiti za fizio, ni bure, wameianzisha Sydney tangu 1999 na majaribio yamepewa alama za ubora kati ya 0 na 10 kwa hiyo huhangaiki na takwimu sana. Nikaona mkono unarudi zaidi ukirudiarudia kazi yenyewe kuliko ukikaa unanyooshwa na mtu. Basi tukaleta sufuria na mwiko wodini, kwanza unga mkavu, baadaye uji, baadaye posho nzito. Siku ya kwanza alizungusha mara 4 mwiko ukamtoka mkononi, wiki ya tatu alifika 60. Nilikuwa naandika kwenye faili kila siku, na inchaji wetu alivyoiona ile karatasi akauliza mwenyewe nani anafuata.

rehab_busia:
Mama banzi kasema kweli ila kaka soma yale mapitio vizuri. Tafiti zile ziliangalia kunyoosha kwa chini ya miezi 7, zaidi ya hapo hayasemi kitu, na kumlaza mgonjwa vizuri ili asipate vidonda usiache. Tafadhali pia usiyapeleke kwa watoto wa miguu iliyopinda tangu kuzaliwa, plasta za Ponseti, zile za kunyoosha mguu kidogokidogo, ni habari tofauti na zinafanya kazi vizuri sana hapa kwetu. Daktari Sackett na wenzake waliandika tangu 1996 kwamba ushahidi unaenda pamoja na ujuzi wako na anachotaka mgonjwa, hakuna kinachomfukuza mwenzake. Na kwa inchaji usiende kumwonyesha kakosea miaka yote, omba mgonjwa mmoja kwa mwezi mmoja. Makala nzima ulizieni kama hospitali yenu imesajiliwa Hinari ya WHO, mpango wa kusoma majarida ya afya mtandaoni.

mzee_wa_mgongo:
Mimi shida yangu ilikuwa tafiti nyingi ni za kwao huko, mgonjwa anaonwa kila wiki, wangu anatoka mbali kwa boda namwona mara 2 basi. Lakini kuna kitu kilinifungua macho. Nilikuwa nasubiri altrasaundi yetu, ile mashine ya tiba siyo ya picha, itengenezwe, miezi, na watu wa mgongo wanarudishwa nyumbani, kumbe miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, tangu 2016 inasema altrasaundi usiwape watu wa maumivu ya mgongo wa chini, wape mazoezi. Nikaacha kusubiri. Sasa tunafanya kikundi chini ya mwembe, na anayemleta mgonjwa naye anafanya ili akamsimamie nyumbani.

fizio_westnile:
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Nimeongea na mwenzangu wa OT, tumechagua mzee mmoja fundi cherehani, mkono wa kushoto haushiki kitambaa. Inchaji katupa mwezi. Jumatatu mkewe analeta mkasi na vipande vya kitenge, nami nahesabu.