Mrejesho: vigurudumu vya mbele vya kiti cha magurudumu (wilchea) cha mama

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi, niliuliza kwa nini vigurudumu vidogo vya mbele vya wilchea ya mama vinatetemeka akisukumwa haraka kidogo. Mlioniambia niangalie nywele mlikuwa sahihi kabisa, nilipochomoa ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya kigurudumu, nikakuta nywele na nyuzi zimejisokota mpaka zimekuwa kama kamba, nikazikata kwa wembe taratibu. Ila mtetemo ulipungua tu, haukuisha, kumbe na nati ya juu ya uma wa kulia, kile chuma kinachoshika kigurudumu, ilikuwa imelegea, nimekaza kidogo kidogo, robo mzunguko halafu naugeuza uma kwa kidole, maana ukikaza sana kigurudumu hakigeuki na kiti kinavuta upande. Sasa kimetulia, mama mwenyewe kasema haogopi tena. Asanteni sana jamani