Naomba ushauri: nifundisheje mashapo ya barafu darasani?

Habari zenu wakuu, mimi ni ticha wa jiografia sekondari, nimekwama kwenye mashapo ya barafu, yani mawe na udongo unaobebwa na kuachwa na barafu kubwa ya mlimani inayotembea taratibu. Juzi nilipanda Mlima Kenya, bonde la Teleki lina umbo la herufi U kabisa, barafu ndo ililichonga, halafu kule juu karibu na barafu ya Lewis kuna tuta la kifusi nikachota kiganjani, vumbi laini kama simiti limechanganyika na kokoto zenye ncha, pembeni jiwe kubwa kama friji, yani barafu inabeba vyote na ikiyeyuka inamwaga hapohapo bila kuchambua kwa ukubwa, tofauti na mto ambao huchambua. Sasa wanafunzi wangu barafu wanaijua ya kwenye juisi tu. Niligandisha maji na mchanga kwenye chupa ya kioo ikapasuka. Nitumie nini? Kipindi ni Alhamisi, nisaidieni jamani.